Kaboni ya jiwe na kaboni ya mboji: kupima isotopu kwenye udongo wa maweni

Udongo wa maweni una kaboni mbili, na tanuri ya mashine inayopima kaboni haizitofautishi. Moja imetoka kwenye majani, mizizi na vijidudu. Hiyo ndiyo tunayoitafuta. Nyingine imetoka kwenye jiwe lenyewe, chokaa iliyovunjikavunjika mpaka ikawa vumbi. Zote mbili zikitiwa kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi hutoka zikiwa gesi ileile ya kaboni dioksidi, na gesi ikishachanganyika, tarakimu moja inayotoka haisemi ipi imetoka wapi. Makosa mengi ya kazi hii huanzia hapo. Mashine mara nyingi haina hatia.

Maweni tunayoyasema ni yale ya kusini na mashariki mwa Unguja, upande wa Makunduchi, Jambiani na Paje: matumbawe ya kale yaliyobaki juu ya bahari, yamejaa mashimo, nyufa na mapango, na udongo umekaa mfukoni mfukoni. Mkulima wa huko hapigi tuta; anatafuta mfuko wenye udongo, anatia mtaimbo, anaweka mbegu. Wanajiolojia huiita nchi ya namna hii karsti, kwa jina la uwanda wa Kras ulio kati ya Slovenia na Italia. Amboni kule Tanga ni karsti pia, ila jiwe lake ni la kale zaidi, la enzi ya Jurasiki. Na Guizhou, kusini-magharibi mwa China, ndiko mbinu za isotopu kwenye udongo wa karsti zimefanyiwa kazi nyingi. Hatua ni zilezile kote. Kinachobadilika ni jiwe.

Kinachopimwa ni uwiano wa isotopu mbili, yaani kaboni za uzito mbili: kaboni 13, iliyo nzito, kwa kaboni 12, iliyo nyepesi. Kaboni 13 ni takriban asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, na tofauti kati ya sampuli na sampuli ni ndogo mno, kwa hiyo huandikwa kwa sehemu za elfu (‰) kulinganisha na kipimo cha rejea kinachoitwa VPDB. Namba hiyo ndiyo delta: ikishuka kaboni ni nyepesi, ikipanda ni nzito. Mimea hugawanywa C3 na C4 kwa namna inavyofunga kaboni ya hewa. Miti, muhogo, kunde, mbaazi, minazi na mpunga ni mimea ya C3, na wastani wao ni karibu −27. Mahindi, mtama, uwele na miwa ni C4, nao hukaa karibu −12 au −13. Shamba lililokuwa msitu likapandwa mahindi linaanza kupokea kaboni yenye alama tofauti, na kadiri miaka inavyopita mboji yake inasogea kutoka kwenye namba ya msitu kwenda kwenye namba ya mahindi. Mwendo huo ndio saa yetu.

Sasa jiwe. Chokaa ya baharini ina delta ya kaboni 13 iliyo karibu na sifuri. Chukua udongo wenye kaboni ya mboji asilimia 2, delta yake −26, kisha uache ndani yake kaboni ya jiwe nusu asilimia tu, yaani kama asilimia 4 ya kalisiti, madini ya chokaa, kwa uzito. Mashine itakupa −20.8. Ukitia namba hiyo kwenye hesabu ya C3 na C4 itakwambia asilimia 40 ya mboji imetokana na mahindi, na huenda hapo hapajawahi kupandwa hata bua moja.

Hata punje moja inatosha kuharibu. Mchemraba wa kalisiti wenye upande wa milimita 1 una uzito wa miligramu 2.7, na ndani yake mna miligramu 0.32 za kaboni. Sampuli ya kawaida ya udongo ni miligramu 20. Ikiwa na mboji ya asilimia 2 kwa kaboni, ni miligramu 0.4 za kaboni. Punje ile moja inakaribia kulingana na mboji yote iliyomo kwenye sampuli. Ndiyo maana vipimo viwili vya mfuko mmoja wa udongo vinaweza kupishana kwa 5‰ au zaidi: kimoja kimebeba punje, kingine hakikubeba.

Kazi huanzia shambani. Kabla ya kuchimba, pita na chuma chembamba cha milimita 10 au 12 ukidunga udongo kila nusu mita kwenye mstari, andika kina, na pale chuma kinapogonga jiwe juu kabisa andika sifuri. Sifuri hizo zina kazi kubwa mwishoni. Kisha tenganisha makazi ya udongo: uwazi ulio tambarare, mfereji kati ya mawe, ufa mwembamba, na shimo lililofungwa pande zote. Watafiti wa Guizhou hufanya hivyo kama kawaida, na sababu inaonekana kwa macho: udongo wa ufa hupokea majani yanayotelezeshwa na maji kutoka juu ya mwamba, hukaa na unyevu zaidi, na mara nyingi ni mweusi, hali ule wa uwazini una wekundu wa udongo uitwao kinongo. Ukichanganya ufa na uwazi kwenye ndoo moja ili upate wastani, unapata wastani wa vitu viwili visivyofanana.

Kwenye uwazi, chukua kila sentimita 5 mpaka 20, halafu kila sentimita 10 mpaka ugonge jiwe. Kwenye ufa usiamini kina kama unavyokiamini kwenye uwanda wa mchanga. Udongo wa ufa huporomoka, hufukuliwa na kaa na mchwa, na mvua kubwa hushusha wa juu ukaenda chini. Wa sentimita 30 ndani ya ufa unaweza kuwa mdogo kwa umri kuliko wa sentimita 10 pale uwazini. Mahali hapa tumezoea kuchukua tabaka mbili tu, juu na chini, na hatuchori mstari wa kuonyesha kina kana kwamba ni kalenda.

Pete ya chuma ya kupimia uzito wa udongo kwa ujazo haiingii kwenye maweni. Chimba kishimo kwa mwiko, kusanya kila kitu kilichotoka pamoja na mawe yake, tandika mfuko mwembamba wa plastiki ndani ya kishimo, mimina maji kwa chupa yenye alama mpaka yalingane na uso wa udongo, andika mililita. Mfuko ukiwa mzito hautafika kwenye kona, na ujazo utatoka mdogo kuliko ulivyo.

Sehemu ya rejea ndiyo inayowapa watu shida. Unahitaji msitu wa C3 ulio juu ya jiwe lilelile, udongo wa aina ileile, kina kilekile. Jozani ina msitu juu ya matumbawe, lakini sehemu nyingine ya Jozani ina maji ya chini yaliyo karibu sana na uso, na mboji ya udongo unaotuama maji haiozi kama ya udongo mkavu. Chagua upande mkavu. Usichukue rejea kutoka kichaka chochote cha karibu eti kwa kuwa kina miti: vichaka vingi vya maweni ni mashamba yaliyopumzishwa, na huko nyuma vilikuwa na mtama au uwele. Waulize wazee wa kijiji. Hakuna maabara inayokupa habari hiyo.

Nyumbani au maabara, kausha udongo kwa nyuzi 40 mpaka 60, usizidishe. Chekecha kwa matundu ya milimita 2 na upime mawe yaliyobaki juu ya chekeche, usiyatupe bila kuyapima. Toa mizizi kwa kibano chini ya lenzi. Vinywele vya mizizi visivyoshikika hutoka kwa rula ya plastiki iliyosuguliwa kwenye kitambaa: ipitishe juu ya udongo uliotandazwa sentimita 2 au 3 na vitaruka kuifuata. Usizidishe dakika, kwa sababu baada ya muda rula huanza kuvuta na vumbi la mboji yenyewe. Ondoa magamba ya konokono wakati huohuo. Nayo ni chokaa.

Halafu saga kwenye kinu chenye gololi mpaka unga upite kwenye matundu ya mikromita 150. Hapa kuna jambo watu hulipuuza: ukisaga kwanza ndipo ukatoa mawe, umechelewa. Kipande cha jiwe ulichokiona kwa macho kimekuwa unga na kimetapakaa kote.

Sasa asidi, na hapa tutakaa kidogo.

Njia mbili hutumika. Ya kwanza ni kuosha: gramu 5 za udongo, mililita 50 za asidi ya haidrokloriki ya mola 1 kwa lita, tikisa, acha usiku kucha, ongeza asidi mpaka mapovu yakome, kisha osha kwa maji safi na mashine ya kuzungusha mpaka maji yawe hayana uchachu. Inaondoa chokaa nyingi bila shida. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya mboji inayoyeyuka huondoka na maji ya kuoshea, na sehemu hiyo haina lazima ya kuwa na delta sawa na iliyobaki. Tena uzito umebadilika: asilimia ya kaboni unayopima sasa ni ya udongo usio na chokaa, si ya udongo uliotoka shambani. Usipopima uzito kabla na baada, akiba ya kaboni utakayoandika, yaani tani zake kwa hekta, itakuwa ya kubuni.

Ya pili ni mvuke. Pima miligramu 20 mpaka 30 za unga kwenye kikombe cha fedha. Kikombe kiwe cha fedha kweli, kwa sababu bati huliwa na asidi. Panga vikombe kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, tia mikrolita 50 za maji kwenye kila kimoja ili udongo ulowe bila kuelea, na weka sahani ndani ya chombo cha kioo cha kukaushia pamoja na bilauri yenye mililita 100 za asidi kali, ile ya mola 12. Funika, acha ndani ya kabati la kuvuta hewa. Udongo wenye chokaa kidogo huwa tayari kwa saa 6 mpaka 8. Kisha kausha kwa nyuzi 60. Hakuna kinachooshwa, kwa hiyo hakuna kinachopotea kwa maji, na uzito unaotumia ni ule wa mwanzo.

Yanayoharibika ni haya. Maji yakizidi, mapovu yanapanda na kumwagikia kwa jirani. Acha kishimo kitupu kati ya kikombe na kikombe kama udongo una chokaa nyingi. Fedha yenyewe hugeuka dhaifu baada ya mvuke na hupasuka ukiikunja kwa nguvu. Funga kikombe cha fedha ndani ya kikombe cha bati, ambacho pia husaidia uunguaji. Na chokaa iliyokwisha kuliwa haikuondoka kikombeni: imegeuka kloridi ya kalisi, chumvi inayofyonza unyevu wa hewa. Miligramu 12.5 za kalisiti huacha karibu miligramu 14 za chumvi hiyo. Ukiiacha mezani asubuhi moja, hasa kwenye hewa ya pwani, unakuta kikombe kimelowa. Kikiingia hivyo kwenye mashine, hakiungui vizuri, na klorini inakula shaba na vichocheo vilivyo ndani ya bomba. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: chokaa ikizidi kama robo ya uzito, osha, ikiwa chini, tumia mvuke, na vikombe vikishakauka vifungiwe pamoja na chembe za sodiamu haidroksaidi siku nzima kabla ya kukunjwa.

Muda wa mvuke hauchukuliwi kitabuni. Chukua udongo mmoja, mbaya kuliko yote ulionao, uupe saa 6, 12, 24 na 48, na upime zote. Delta ikiendelea kushuka kutoka saa 12 kwenda 24, bado kuna jiwe. Ikituama, umefika. Ongeza kikombe kimoja cha udongo usio na chokaa kabisa, wa nchi ya mawe ya matale, uliochanganywa na unga safi wa kalisiti. Unajua delta yake kabla, na asidi ikishamaliza kazi lazima irudi palepale. Kama jiwe lako ni dolomiti, yaani chokaa yenye magnesiamu, mambo huchukua muda mrefu zaidi. Tone la asidi ya asilimia 10 iliyo baridi linaweza kuanguka juu ya kipande cha dolomiti na lisitoe povu la kuonekana, mtu akaandika kwenye daftari kwamba udongo hauna chokaa. Kiponde kiwe unga kwanza, ndipo ukidondoshee.

Kuna chokaa nyingine ambayo haikai kwenye sifuri. Matumbawe yaliyonyeshewa kwa maelfu ya miaka yameyeyuka na kuganda upya, na kalisiti mpya imechukua kaboni ya udongo, kwa hiyo namba yake hushuka chini ya sifuri kwa vipimo kadhaa. Mbaya zaidi ni chokaa ya tanuri. Maweni yana tanuri za chokaa za zamani na za sasa, na chokaa iliyochomwa ikilowa hufyonza kaboni dioksidi ya hewa. Katika kuifyonza haraka hivyo hupendelea kaboni nyepesi, na delta yake inaweza kushuka mpaka −20 au zaidi. Hiyo inafanana na mboji ya msitu. Kwenye mahali pa tanuri, kosa haliji kwa sura ya mahindi yasiyokuwapo. Namba inakaa vizuri tu, asilimia ya kaboni ndiyo inayotoka kubwa. Ukiona mkaa na vipande vyeupe laini kwenye udongo, hama mita mia.

Upande wa mashine ni mfupi kama mwendeshaji ni makini. Dai rejea mbili za mashine, vitu ambavyo delta yake inajulikana, zinazouzunguka udongo wako: kwa mfano IAEA-CH-6, sukari yenye −10.45, na USGS40, asidi ya glutamiki yenye −26.39. Rejea moja haitoshi, kwa sababu haionyeshi kama ngazi ya mashine imenyooka. Kila vikombe 10 mpaka 12 weka udongo uleule wa kudumu wa maabara. Udongo huo usipopishana na nafsi yake kwa zaidi ya 0.2‰, endelea. Nitrojeni ipimwe kwenye kikombe kingine cha bati kisichoguswa na asidi, kwa sababu asidi huigusa nayo.

Namba zikirudi, jambo la kwanza ni kutokimbilia mahindi. Kwenye msitu wa C3 usioguswa, delta hupanda yenyewe kadiri unavyoshuka, kwa 1 mpaka 3‰. Vijidudu vimeichakata mboji ya chini mara nyingi zaidi, na majani ya leo yametokana na hewa yenye kaboni nyepesi kuliko ya zamani: tangu viwanda vianze kuchoma makaa na mafuta, delta ya hewa imeshuka kutoka karibu −6.5 hadi karibu −8.5. Ndiyo sababu rejea lazima ifananishwe kina kwa kina. Shamba la sentimita 20 halilinganishwi na msitu wa sentimita 5.

Hesabu yenyewe ni ya kugawa mara moja. Tuseme msitu ni −26.5, shamba lililolimwa mahindi miaka 20 ni −22.0, na mabua yenyewe yamepimwa −12.5. Tofauti ya shamba na msitu ni 4.5, ya mahindi na msitu ni 14. Mboji ya mahindi ni asilimia 32. Iliyobaki ya msitu ni asilimia 68. Wengi huishia hapo, wanachukua hiyo 0.68, wanagawa miaka 20 kwa logi yake ya asili (bila alama ya kutoa), wanapata kwamba mboji ya msitu hukaa wastani wa miaka 52. Lakini shamba halina tena kaboni kiasi kilekile. Kama akiba yote imepungua kwa asilimia 40, kilichobaki cha msitu ni 0.6 mara 0.68, yaani 0.41, na wastani unakuwa miaka 22. Namba za isotopu ni zilezile, jibu limepungua zaidi ya nusu. Kwenye karsti, ambako udongo huporomokea kwenye nyufa, hata hiyo 22 inachanganya kuoza na kuondoka.

Guizhou ina mwendo wa kinyume unaofaa kuutazama: mashamba ya mahindi ya miteremkoni yaliyoachwa yarudi vichaka, hasa tangu mpango wa China wa kurudisha mashamba kuwa misitu ulioanza 1999. Hapo delta inashuka badala ya kupanda, na kaboni mpya ndiyo nyepesi. Kwenye maweni ya Unguja mzunguko ni mfupi na umejirudia, kulima, kupumzisha, kuchoma, kulima, kwa hiyo usitegemee mstari safi kama ule.

Angalia pia wanaojifanya mahindi. Mkonge, mkonge pori na mpungate hufunga kaboni usiku, na namba zao hukaa karibu na za C4; Tanga, penye mashamba ya mkonge, hili si jambo dogo. Ukoka ni C4. Majani ya bahari yanayosombwa ufukweni, yakitiwa shambani kama mbolea, ni mazito pia. Kabla ya kutoa hukumu, kusanya majani ya kila mmea unaoonekana kwenye eneo na uyapime. Ni vikombe kumi tu.

Mwisho rudi kwenye zile sifuri za chuma. Kaboni asilimia 3, uzito wa gramu 1.1 kwa sentimita moja ya ujazo, kina cha sentimita 20: hiyo ni tani 66 kwa hekta. Toa asilimia 20 ya changarawe, zimebaki 52.8. Kama vidungo 60 kati ya 100 viligonga jiwe tupu, zimebaki 21. Andika zote tatu kwenye jedwali, na kando yake andika asidi uliyotumia, mola ngapi na saa ngapi, ili anayefuata aweze kulinganisha udongo wake na wako.